Boksi la mboga mlangoni: piga hesabu ya boda kwanza

Vijana wengi mnaniuliza kama kuuza maboksi ya mboga na matunda majumbani Dar kunalipa. Msimamo wangu: kunalipa ukipata wateja wa mtaa mmoja, siku moja. Tuseme boksi ni sh. 15,000. Boda akipeleka moja Mbezi kwa 5,000, theluthi imekwenda kabla hujahesabu hata mbegu. Akipeleka sita kwa 9,000, kila boksi linabeba 1,500 tu.

Mteja naye atakubali kulipa zaidi ya bei ya Mabibo kama mchicha umevunwa alfajiri, sio jana. Ukimfichia nyanya zilizobonyea chini ya boksi, wiki ijayo karudi gengeni.

Ila soko usiliache. Maboksi sita hayamalizi hata tenga moja la nyanya.