Mwandishi Halipi, Hulipwa

Mwezi huu tumepokea barua ya mama mmoja wa Tunduma. Ana watoto watatu, mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, naye ni wakala wa fedha za simu karibu na mpaka. Alipata ujumbe kwamba wanatafutwa waandishi wa makala za teknolojia, malipo mazuri, ila kwanza atume shilingi 30,000 za usajili. Alizitoa kwenye akiba ya sare za shule. Tangu siku hiyo namba ile haipatikani. Anauliza: "Je, kazi hiyo ipo kweli? Na baba watoto nimwambie nini?"

Pole sana, dada. Kazi ipo, lakini fedha yake hutoka kwa mchapishaji kwenda kwa mwandishi. Anayekuomba ada ya usajili, ya fomu au ya mafunzo kabla ya kukupa kazi, mkimbie. Namba iliyokutapeli itume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Yule mwanamke wa Mithali 31 hulichunguza shamba kwanza ndipo akalinunua. Nasi tufanye hivyo.

Sasa tazama mtaji ulio nao. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mashine za kielektroniki za risiti zikafuata mwaka 2010, na kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Mhariri aliyeko Dar es Salaam amezisikia habari hizo, lakini wewe unawaona wanaozitumia kila siku. Unajua muamala hukosewa vipi, na mama wa sokoni huogopa nini anapoombwa namba ya siri. Makala yako ya kwanza iwe hiyo hiyo iliyokuumiza: jinsi ya kutambua kazi ya uongo inayoletwa kwa simu. Ila siri za wateja wako usiziandike, wala majina yao.

Andika kwa maneno ambayo msomaji anayajua. Neno "nywila" lipo, lakini kwa mama wengi "neno la siri" hueleweka upesi. Hii ni kazi inayohitaji watu makini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kompyuta kwa Kiswahili, na ilibidi kila amri itafutiwe neno.

Utauza wapi? Anza na magazeti na majarida ya Kiswahili ambayo huyasoma. Lipo jarida la Mkulima Mbunifu, ambalo tangu mwaka 2011 limekuwa likiwaeleza wakulima mbinu bora. Lisome uone jambo la kitaalamu linavyoelezwa kwa lugha nyepesi. Pili, taasisi na kampuni zenye huduma za simu huhitaji maelekezo na vipeperushi vya Kiswahili. Kwa anayeandika Kiingereza vizuri, lipo Rest of World, lililoanza mwaka 2020, ambalo huandika habari za teknolojia nje ya nchi za Magharibi na limekuwa likinunua makala za waandishi wa kujitegemea.

Usitume makala nzima kwanza. Mwandikie mhariri barua pepe fupi: wewe ni nani, unataka kueleza nini, umeyaona wapi, na kwa nini wasomaji wake wayajue sasa. Akikubali, muulize mambo matatu kwa maandishi: malipo ni kiasi gani, yatalipwa lini, na haki ya makala itabaki kwa nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, lakini ukitia saini bila kusoma unaweza kuitoa haki yako mwenyewe. Asiyelipa waandishi akuambie mapema, nawe uamue.

Usifunge kibanda chako, dada. Fedha ya makala huchelewa, na makala nyingine hukataliwa. Jiwekee saa moja watoto wakishalala, na daftari la kuandika ulichotuma, tarehe na majibu.

Na baba watoto mwambie ukweli, tena kabla hajauliza kuhusu sare. Mwambie umepoteza 30,000, umejifunza nini, na utazirudisha vipi. Makala ya kwanza itakapolipwa, hata ikiwa ndogo, anza na zile sare. Ukificha la kwanza, la pili hataliamini hata likiwa jema.

Tukutane mwezi ujao.