Tunda Lipimwe kwa Mizani

Mapishi yachapwayo siku hizi yana desturi moja nisiyoiafiki: kumwamuru mpishi atwae vikombe viwili vya embe, kimoja cha ndizi na nusu kikombe cha tende, kana kwamba matunda ni maji au mafuta, yajazayo kila pembe ya chombo bila ya kubakiza nafasi. Nyama ya tunda, maadamu sehemu yake kubwa ni maji, uzito wake haupishani sana na wa maji. Kinachotuhadaa ni hewa iliyojificha baina ya kipande na kipande. Kikombe cha ndizi zilizokatwa huwa takriban gramu 150, na kikombe kile kile, ndizi zikisha kupondwa, hubeba gramu 225, na mwoka mkate wa ndizi asiyeambiwa ni lipi lililokusudiwa amepewa fumbo.

Hata vikombe vyenyewe havina kauli moja. Cha Marekani, ambako kitabu cha Fannie Farmer cha mwaka 1896 kiliwafundisha wapishi kusawazisha kikombe kwa kisu, hakifiki mililita 240. Cha Australia ni 250. Na nusu painti ya Waingereza ni 284. Wazee wetu wa pwani walipima kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi, nao walipata salama kwa kuwa aghalabu walipima nafaka. Zaka ya fitri hutolewa kwa pishi mpaka leo, na wanazuoni waigeuzao kuwa kilo hutanabahisha kwamba uzito wa pishi hubadilika kwa kadiri ya chakula kinachopimwa, ikiwa ni mchele au tende. Ikiwa watu wa sheria wamelitambua jambo hilo, sioni udhuru wa mwandishi wa mapishi.

Hasara yake hudhihiri zaidi katika jamu. Kanuni ya kale ni tunda na sukari kwa uzito sawa. Lakini akija mtu akaigeuza kuwa kikombe kwa kikombe, embe ya vipande itakuwa kama gramu 165 na sukari gramu 200, na jamu itakuwa tamu ya kukirihi, tena yaweza kufanya chenga ikipoa. Akiiponda embe kwanza, mambo hupinduka: tunda huizidi sukari, jamu ikawa majimaji, na ukungu ukaiwahi kabatini. Juu ya hayo kuna ganda na kokwa, ambavyo katika embe nyingi huondoka na theluthi ya uzito au karibu yake. Kwa hiyo kilo moja ya embe isiyofafanuliwa kuwa imekwisha kumenywa au bado ni nusu ya habari tu.

Najua nitajibiwa kwamba mizani haimo katika kila jiko, na kwamba embe sokoni huuzwa kwa fungu. Ni kweli, lakini mizani imo katika kila duka la jirani, na mwenye duka hakatai kumpimia mteja wake kikombe kitupu, kisha kikombe hicho hicho kikiwa na embe iliyokatwa kwa mkato aliouzoea mwenyewe, akaitoa hesabu ya kwanza katika ya pili na kuiandika. Maji ya ndimu, na ukwaju uliorowekwa ukachujwa, nawaachia wenye vikombe bila ya ugomvi.