Taifa Lililotetea Lugha ya Jirani

Kongo ilimjua Mbelgiji kwa Kifaransa chake. Nyaraka za serikali na hukumu za mahakama zilitoka kwa lugha hiyo, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba ndiyo lugha ya mama ya kila aliyetoka Liège, Namur au Charleroi. Kumbe wengi wao Kifaransa walikikuta shuleni. Nyumbani kulisemwa Kiwaloni, na makala hii inahoji kilikokwenda.

Wanaokiita Kifaransa kibovu wanakosea nasaba. Kiwaloni ni mtoto wa Kilatini kama Kifaransa chenyewe, kilichokulia ukingoni, bega kwa bega na lugha za Kijerumani. Jina la wasemaji wake lilitoka ng'ambo ya mpaka huo: Wajerumani wa kale waliwaita hivyo majirani waliosema Kikelti au Kilatini, na ndiyo asili ya jina Wales pia. Wawaloni walikuwa "wasemao vingine" karne nyingi kabla ya kuwa taifa.

Taifa lenyewe ni changa. Liège ilikuwa chini ya maaskofu wake hadi mapinduzi ya Ufaransa, na Namur na Hainaut zilikuwa na watawala wengine. Joseph Grandgagnage, hakimu, ndiye aliyeeneza neno Wallonie, yaani Wallonia, kuanzia mwaka 1844. Na ndani ya Wallonia ya leo, wazee wa Tournai na Mons lugha yao ni Kipikardi. Kiwaloni, basi, hakikuwahi kuwa cha Wawaloni wote.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Waflandria walipodai Kiholanzi kipate haki sawa na Kifaransa nchini Ubelgiji, harakati za Wawaloni zilisimama kukitetea Kifaransa, si Kiwaloni. Mwanasiasa Mwaloni Jules Destrée, aliyemwandikia mfalme mwaka 1912 kwamba Wabelgiji hawapo, wapo Wawaloni na Waflandria, alimwandikia kwa Kifaransa. Kiwaloni kiliachiwa jukwaa la vichekesho, ambako tamthilia ya Édouard Remouchamps, *Tåtî l'Pèriquî* ya 1885, ilishangiliwa sana. Darasani, mtoto aliyekisema aliadhibiwa, na wazazi hawakulalamika sana: waliona Kifaransa ndicho kitakachomtoa mgodini.

Wimbo rasmi wa Wallonia, uliopitishwa mwaka 1998, ulitungwa kwanza kwa Kiwaloni. Amri ya mwaka 1990 inazitambua lugha za kieneo. Lakini sheria haimfundishi mtoto kusema. Tunadai zaidi: Kiwaloni kifundishwe kwa sababu kina wasemaji, fasihi na fikra zake, bila kusubiri kithibitishe kwamba kinabeba taifa. Anayeishurutisha lugha ndogo iwe bendera kwanza ndipo alindwe msemaji wake, ameshaihukumu.