Rubondo iwe likizo ya mchimbaji pia

Kambi za likizo za pwani ya Uingereza zilikuzwa na mshahara wa mfanyakazi wa kawaida. Mfanyabiashara Butlin alifungua kambi ya Skegness mwaka 1936. Mwaka 1938 ikapitishwa huko sheria ya likizo yenye malipo.

Sisi wa Geita, Tanzania, sheria tunayo: ile ya ajira ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ziwa tunalo. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, ipo mkoani kwetu, na sokwe walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 wamezaliana humo. Lakini majirani zangu wa migodini hawajawahi kuiona.

Mwaka jana nilishuka Nkome, ufukweni mwa ziwa, na wanangu. Dagaa wameanikwa mchangani, mawimbi yanagonga mitumbwi. Mdogo akauliza kama ile ndiyo bahari. Jioni tukarudi, malazi ya kiwango cha mfuko wangu sikuyapata.

Mwenye mtaji ajenge vibanda safi ufukweni, maji, vyoo na jiko la pamoja, kwa bei ya familia. Mwaka 2020 ndege za watalii zilisimama kwa sababu ya korona, lakini sisi wenyeji tulikuwepo. Haba na haba hujaza kibaba.