Mgeni njoo, mkulima wa Kasulu apone

Kwa miaka mingi mkulima wa mahindi na maharage wa Makere, wilayani Kasulu, amekuwa na soko la jirani: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani na kupokea Warundi wengi kuanzia mwaka 2015. Lakini kambi si mji wa kudumu. Ile ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021. Mkulima mwenye busara hana budi kujiuliza mapema nani atakayenunua mazao yake siku Nyarugusu nayo itakapobaki tupu.

Sehemu ya jibu iko Kigoma mjini. Watalii hufika huko kuona Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kisha hupanda boti kwenda Gombe kuwaona sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Wakimaliza, wengi hufunga mizigo na kuondoka bila kupanda milimani.

Uingereza kuna mji mdogo wa Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare mwaka 1564. Nyumba yake ilinunuliwa kwa michango mwaka 1847 ili ihifadhiwe. Wenyeji hawakuishia hapo. Nyumba ya wazazi wa mkewe, iliyoko kijiji jirani cha Shottery, nayo imeingizwa katika ziara. Aliyekuja kuona nyumba moja huonyeshwa ya pili, jua likazama, akala na kulala. Na anayelala mjini anahitaji maziwa, mayai na mboga za mkulima.

Kasulu nayo ina cha kuonyesha. Kuna Heru, alikotawala Mwami Theresa Ntare enzi za ukoloni. Kuna mashamba ya kahawa na wafugaji wa nyuki. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha katika safari moja yenye bei inayojulikana.

Faida si lazima ingoje mgeni apande mlima. Katika miaka ya 2000, kahawa ya wakulima wa Kalinzi iliuzwa Marekani ikiwa na jina la Gombe kwenye pakiti. Jina la kivutio lilimfuata mnunuzi hadi nyumbani kwake. Asali ya Kasulu iliyochujwa vizuri, ikafungwa na kuandikwa inakotoka, inaweza kupita njia hiyo hiyo.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba 10 za kulala wageni zikinunua kilo 5 za maharage kila wiki, kwa mwaka ni kilo 2,600, yaani magunia 26 ya kilo 100. Hayo hayawezi kuziba pengo la kambi nzima. Lakini ni mauzo ya kila wiki, kwa wateja 10 badala ya mmoja, na akiondoka mmoja tisa wanabaki.

Halmashauri inaweza kusaidia kwa vibao vya njia na mafunzo ya waongozaji. Wakulima wasisubiri hayo. Kikundi cha watu kumi kinaweza kwenda Kigoma wiki hii, kuuliza mahoteli yanahitaji nini na kwa ubora gani, na kuahidi kiasi ambacho kina hakika ya kukifikisha kila wiki.