Falsafa na Taarikhi ya Elimu Zisiachwe Yatima

Katika idara za elimu za vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu atakiwapo kutaja jambo alitakalo kulitafiti, aghalabu hutaja matokeo ya mitihani, uongozi wa shule, utoro au uhaba wa vitabu. Na ijapokuwa hapana hata moja katika hayo lisilostahili kuchunguzwa, nasikitika kuona uchache wa wale wanaothubutu kuliendea swali lililo asili ya hayo yote, nalo ni kwamba shule iliwekwa na nani, kwa maksudi gani, na kwa faida ya nani. Falsafa na taarikhi ya elimu, ambazo ndizo zenye dhamana ya swali hilo, husomwa mwanzoni mwa masomo ya ualimu kama ada ya kutimiza, Plato, Rousseau na Dewey wakatajwa kwa zamu, kisha mlango ukafungwa. Sina ugomvi na wanazuoni hao, wala sitaki waondolewe. Ila si insafu kijana wa Pangani au wa Lamu atoke chuoni akidhani kwamba kwao hapakupata kuwapo mtu aliyefikiri juu ya malezi na mafunzo.

Walikuwapo. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, na hata leo wasomaji hawajakubaliana kama wosia ule ni wa kumfunga mwanamke katika utii au wa kumpa akili ya kuishi katika ulimwengu alioukuta; suala hilo ni la falsafa ya elimu khasa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, alieleza malezi ya watoto na mambo ya chuo cha Kurani katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Habib Saleh wa Lamu, alipowafungulia darasa za msikiti wa Riyadha watu ambao waungwana wa mji hawakuwahesabu kuwa ahali ya ilimu kubwa, alitoa kwa vitendo jawabu la swali la nani astahiki kufundishwa. Na Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti la Sahifa aliloanzisha mwaka 1930 na lile la Al-Islah lililofuata mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waishike elimu mpya, na mabinti wasinyimwe mafunzo, pasi na kuiacha dini yao wala kuiga kila la mgeni.

Lakini jambo ambalo ningelipenda kuliona limeandikiwa tasnifu si moja bali kumi ni lifuatalo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, naye James Aggrey wa Gold Coast akiwamo, ilizuru Afrika Mashariki. Na nasaha yake kubwa, iliyochotwa katika shule za watu weusi za Hampton na Tuskegee huko Marekani, ilikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake, yaani kilimo, afya, kazi za mikono na tabia njema. Baada ya miaka zaidi ya 40, mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, naye akataka shule ziwe na mashamba au karakana zao, na elimu ya msingi iwe kamili yenyewe kwa mtoto atakayebaki kijijini, badala ya kuwa matayarisho ya sekondari ambayo wengi hawangeifikia. Jembe ni lile lile. Hujibiwa upesi kwamba niya zilitafautiana, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa elimu ya watawaliwa na hii ya pili ni ya watu huru. Na jawabu hilo ni la kweli, ila halitoshi, maana mtoto aliyeushika mpini hakuiona niya, aliliona jua na tuta lililombakia. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo, ndipo akasisitiza kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba na wayaone matunda ya jasho lao. Je, waliamua? Mavuno yalikwenda wapi? Mwalimu wa darasa alilima pamoja nao, au alisimama kivulini? Kazi huwa somo lini, na lini huwa utumwa mdogo uliovishwa jina la somo? Mwanafalsafa asiyezisoma daftari za shule atalijibu swali hili kwa dhana tupu, naye mwanataarikhi asiyeuliza kazi ni nini ataishia kupanga miaka. Na mashahidi wa hayo, yaani wale waliokuwa darasani mwaka 1967, sasa ni wazee, na kila mwaka hupungua.

Kwa hiyo naziomba idara zetu mambo yanayowezekana. Mtafiti wa taarikhi ya elimu ya pwani afundishwe kuisoma khati ya Kiarabu iliyoandikiwa Kiswahili, maadamu sehemu kubwa ya ushahidi wake imo humo, asije akategemea tafsiri za wamisionari na maofisa. Tasnifu za elimu zikubaliwe kwa Kiswahili, si katika idara za Kiswahili peke yake, kwani ni vigumu kumhoji bibi wa Tanga juu ya chuo alichosomea, kisha fikira zake zikapimwe kwa lugha ambayo yeye hataweza kuikosoa. Na wakuu wa shule kongwe, kabla ya kuzichoma daftari za zamani ili wapate nafasi ya madawati, wawaulize kwanza wahifadhi wa nyaraka wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi.