Atomu haiulizi cheti

Kuna watu wamekuaminisha kuwa fizikia ni ya wenye digrii na mashine za mamilioni. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nakuambia: wamekuchezea, msee.

Chukua ile mashine ya CD iliyokufa nyumbani kwenu. Leza yake hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 hivi. Rubidi, metali laini ya familia moja na sodiamu, hufyonza mwanga wa nanomita hizo hizo 780. Ni sadfa tu, lakini imewafaa watu sana.

Shida ni kwamba leza ya bei nafuu haitulii. Ikipata joto kidogo masafa yake yanahama, kama redio inayoteleza kutoka stesheni. Dawa yake? Imulike kwenye kichupa cha mvuke wa rubidi. Ikigonga masafa ya atomu, mwanga unamezwa. Ikihama, unapita. Lakini atomu zinakimbia huku na huku, kila moja ikipokea masafa tofauti, vile honi ya matatu hubadilika sauti ikikupita. Kwa hivyo unapitisha miale miwili inayokabiliana, mmoja mkali, mwingine hafifu. Ni atomu zisizosogea kuelekea mwale wowote zinazopokea yote miwili sawa. Hapo alama nyembamba inatokea, na saketi inairudisha leza kwenye alama hiyo kila ikiteleza.

Mwaka 1992, MacAdam, Steinbach na Wieman walieleza jinsi ya kujenga mtambo huu katika American Journal of Physics, jarida linalosomwa na walimu. Mwaka 1995, Wieman na Eric Cornell walitumia leza za aina hiyo kupoza rubidi huko Colorado. Kazi hiyo iliwapa Nobel mwaka 2001, pamoja na Wolfgang Ketterle.

Sasa niambie, mbona sisi bado tunakariri atomu kama miduara ubaoni? Fundi wa Luthuli anayechomelea bodi ya simu ana mikono ya kazi hii. Sikudanganyi, kichupa cha rubidi si bei ya mutura, na leza hiyo inaharibu macho ukiichezea. Ndiyo maana nataka kila chuo cha ufundi kiwe na meza moja ya leza, mwalimu anayeijua, na mlango ulio wazi hata kwa asiye na cheti.

Rubidi ya Nairobi na ya Colorado zina masafa yale yale. Haijali ulipata gredi gani. Dai hiyo meza.